Maji na Kuni kwa Mama

Nimewapikia watu wengi maishani, wa arusi na wa matanga, wagonjwa na wakaguzi wa shule, na sijawahi kumwonea mtu kinyaa kwa sababu ya kula kwake. Isipokuwa watu watano. Hao niliwapangia chakula mwenyewe, kwa kalamu yangu, na mmoja wao alikuwa mume wangu.

Ilikuwa Kitale, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Wanyama wa porini walikuwa wamekatazwa kuwindwa zamani, lakini ndege waliruhusiwa ukiwa na leseni, na kila Desemba, mahindi yakishavunwa, kanga walishuka mashambani kwa makundi kuokota punje zilizodondoka. Nasema wale ndege wa madoadoa, wenye kichwa kidogo na kelele nyingi. Wanaume hao watano walipanda pick-up siku ya Ijumaa wakarudi Jumapili. Walijiita chama. Walikuwa na mwenyekiti na mweka hazina, yote hayo kwa ajili ya kwenda kupiga ndege ambao mtu angeweza kuwanunua sokoni wakiwa hai, miguu imefungwa kamba.

Mwenyekiti alikuwa mkubwa wa mume wangu katika ofisi ya mazao, na sisi nyumbani tulimwita Mkubwa tu. Bunduki ya marisau ilikuwa yake na leseni ilikuwa yake. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa mbegu na mbolea, mwenye pick-up. Wa tatu alikuwa mwalimu mkuu wa shule niliyofundisha, kwa hiyo huyo alikuwa mkubwa wangu mimi. Wa nne alikuwa mzee wa kanisa, ambaye kazi yake chamani ilikuwa kuombea chakula, na aliomba jicho moja likiwa limefunguka kuangalia sufuria. Wa tano, mume wangu, alikuwa karani, na kazi yake ilikuwa kubeba. Alikuwa anangojea kupewa usimamizi wa ghala la Bungoma pamoja na nyumba ya kazi, na mwenye neno la mwisho katika jambo hilo alikuwa Mkubwa. Ndiyo maana alibeba bila kunung'unika.

Mwaka uliotangulia walikuwa wamefika mbali, ng'ambo ya Kapenguria, na unga ukawaishia siku ya kwanza. Walirudi wamegombana kama watoto, mmoja akimtuhumu mwenzake kwa kula mkate peke yake ndani ya gari. Kwa hiyo safari hii walikuja kwangu. Alhamisi moja alasiri walijaa sebuleni, wakanywa birika mbili za chai kwa mandazi, na Mkubwa akasema, "Madam, wewe si ndiye mwalimu wa sayansi kimu? Tupangie hii maneno. Sisi wanaume tukipanga chakula tunapanga kama askari jela."

Nitakuwa mkweli: nilivimba kichwa. Somo la sayansi kimu lilikuwa limeingia shuleni juzijuzi tu, na watu wengi walidhani ni kufundisha wasichana kuosha vyombo. Hapa walikuwa watu wakubwa wananiuliza mimi. Nikaleta daftari la mistari, nikachora safu nne kwa rula, mlo kwa mlo, kama nilivyowafundisha wanafunzi. Kwa kawaida kilo moja ya unga hushibisha watu watatu au wanne. Niliwatazama wale mbele yangu, nikaandika kilo moja kwa wawili.

Nilikuwa nimewaona wakila. Mwalimu mkuu alikuwa na tabia ya kupasua mfupa kwa magego na kuufyonza huku anaendelea na hotuba yake, na mate ya mafuta yakakurukia usoni ukiwa karibu. Mwenye pick-up alikula kwa mikono miwili, tonge la pili likingoja mlangoni kabla la kwanza halijashuka. Mzee wa kanisa alichokonoa meno kwa njiti ya kibiriti, akaitazama njiti, akairudisha mdomoni. Mkubwa hakuwa mchafu namna hiyo. Yeye alikuwa na ulimi tu. Alilamba vidole kimoja kimoja, taratibu, hadi kwenye kiganja, huku anakutazama machoni. Nilikuwa nikihisi kama ananilamba mimi.

Basi nikaandika. Unga, chumvi, mafuta ya mkebe, vitunguu, nyanya, sukuma wiki, mkate na majani chai. Mayai ya kuchemsha ya asubuhi ya kwanza. Viazi kidogo. Nilipofika kwenye nyama, Mkubwa alinyoosha kidole chake, bado kina unyevunyevu, akakiweka juu ya karatasi yangu.

"Hapo acha wazi," akasema.

Nikauliza watakula ugali na nini ndege wakikataa.

"Nyama haibebwi kwenda kuwinda, madam. Ukibeba nyama umesema huamini. Hata zile ndege zitajua." Wote wakaitikia. Mzee wa kanisa naye akaitikia, ambaye Jumapili mbili kabla alikuwa ametukemea kanisani kwa kuamini mikosi na ndoto. Nilipendekeza nyama ya mkebe, mikebe minne, ikae chini ya kiti, wasiitazame. Nilipoanza kuiandika, Mkubwa akaichukua kalamu mkononi mwangu akaukata mstari huo. Alama ya kidole ilibaki kwenye daftari, duara la mafuta, na kila nilipofungua ukurasa ule niliiona.

Likaja suala la petroli. Mwenye pick-up alikataa katakata kwenda tena mbali. Wakatajiana mahali mahali, huku wakibishana bei ya galoni, mpaka chai ikapoa. Hapo ndipo mimi, kwa kimbelembele changu, nikafungua mdomo.

"Nendeni Ndalu," nikasema. "Kwetu. Mashamba yamevunwa na kanga ni wengi. Petroli ni ya kwenda na kurudi siku moja. Maji mtachota kwa mama, na kuni zake ziko kavu. Mnapiga kambi chini kwa mto, hamnunui kitu."

Sebule ikachangamka. Mkubwa akasema, "Unaona mwanamke amesoma?" Mwalimu mkuu akanipigia makofi. Nikaandika mstari ule kwa herufi nzuri: Maji na kuni, kwa Mama. Katika safu ya gharama nikaweka sifuri. Chini yake nikaongeza pakiti mbili za sukari, zawadi ya Mama. Mzee wa kanisa akauliza kama pakiti moja haitoshi, maana mama mwenyewe hatumii bunduki. Nilimwangalia mpaka akatazama pembeni. Pakiti mbili zikabaki.

Lazima niseme mama yangu alikuwa na nini pale Ndalu, kwa kuwa hapo ndipo yote yalipoangukia. Mayi, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alikuwa mjane katika nyumba ya nyasi iliyochoka. Mvua ikinyesha alikuwa akihamisha kitanda mara tatu kwa usiku. Sufuria, karai, hata bakuli la kunawia, vyote vilipangwa sakafuni kukinga matone. Alikuwa na kifua kibovu kwa ajili ya baridi hiyo. Mshahara wangu wa ualimu na wa ukarani wa mume wangu ulikuwa unaishia kwenye kodi, karo ya mashemeji zangu, na michango isiyokwisha, na kila mwaka nilimwahidi mabati na kila mwaka nilikuja na sababu.

Mwaka ule aliacha kuningojea. Wakati wa palizi aliokota mayai ya kanga ndani ya mahindi, akayaweka chini ya kuku aliyekuwa ameatamia. Yakaanguliwa. Akawalea kwa mchwa na kwa mahindi ya kupondwa, wakakua kumi na wanne, wanamfuata uani kama watoto wa chekechea. Mwenye hoteli mmoja wa Kitale alikuwa amekubali kuwachukua wote kwa ajili ya Krismasi. Mayi alikuwa ameshapiga hesabu yake: wangempa mabati ya upande mmoja wa paa, ule wa kitanda. Upande wa pili ungengoja. Aliniambia hivyo akicheka, na mimi nikacheka pia, nikiona aibu.

Kanga wa kufugwa na kanga wa porini ni ndege mmoja, hakuna atakayewatofautisha kwa macho. Kwa hiyo Mayi alichana gauni langu la shule, lile la kijani la darasa la saba alilokuwa amelihifadhi miaka yote ile, akafunga kila ndege kitambaa mguuni. Majirani wakaelewa. Hata watoto wenye manati wakaelewa.

Je, sikulifikiria hilo nilipowatuma wale watu kule? Nililifikiria. Usiku huo tu baada ya wageni kuondoka nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, kanga wa Mayi wana vitambaa vya kijani miguuni. Waambie wenzako."

"Mimi si mtoto," akanijibu.

Kuna jambo lingine ambalo asiyekuwa wa kwetu hawezi kulijua. Kwetu Ndalu, na Bungoma yote, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani ovyo. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawaketi chini ya dari moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Huo si ugomvi hata kidogo, ni heshima. Mume wangu alikuwa hajawahi kukanyaga uani kwa Mayi tangu mahari ilipopelekwa, na mara moja niliwahi kumwona mama yangu, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akijirusha nyuma ya ua wa michongoma kwa sababu alisikia kikohozi cha mkwe wake barabarani. Nilicheka siku ile hadi nikakaa chini. Sasa silioni la kuchekesha.

Waliondoka Ijumaa. Nilipakia chakula mwenyewe, kila mlo katika mfuko wake, nimeandika juu: Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi. Sukari ya Mayi niliifunga katika gazeti na kuizungushia kamba ya mkonge, mafundo mawili, ili mtu asijisahau akaitia kwenye chai ya njiani. Hata wakati huo niliwajua.

Walirudi Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nilisikia honi kutoka kona ya barabara, ile honi ya watu walioshinda. Mkubwa alikuwa amealika afisa mmoja wa mazao kutoka Bungoma aje kula mawindo, na afisa mwenyewe alikuwa ameshafika, ameketi sebuleni kwangu anakula njugu. Mume wangu akabeba gunia hadi nyuma ya nyumba, akalimwaga mbele yangu.

Walikuwa kumi na mmoja. Damu ilikuwa imegandana kwenye manyoya na joto la siku lilikuwa limeanza kuwaharibu, matumbo yamevimba, inzi wa kijani wamejaa kwenye macho. Nikachemsha maji. Mtu ambaye hajanyonyoa ndege aliyelala ndani ya gunia hajui harufu. Manyoya yakilowa maji ya moto hutoa mvuke mzito unaokuganda kooni, nusu kama nywele zilizoungua, nusu kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Vidole vyangu vilikuwa vikigusa marisau chini ya ngozi, vigololi vidogo, navitoa kimoja kimoja na kuvidondosha kwenye mkebe. Niliendelea hivyo mpaka ndege wa sita.

Kitambaa kilikuwa kimepanda juu, kimejificha kwenye manyoya ya paja. Kililowa kikashikamana na kidole changu. Kijani. Nilikifungua nikakuta hata pindo la mashine, ule mshono wa mstari mwekundu uliokuwa kwenye mikono ya gauni letu la shule. Nilikaa na ndege yule mapajani, maji ya moto yakinichuruzika miguuni, sikuyasikia.

Nilimwita mume wangu. Alikuja akiwa amekwisha kuvaa shati safi ndani ya koti lake la safari. Nikamwonyesha kile kitambaa. Hakuuliza ni nini. Alikichukua upesi, akatazama mlango wa sebuleni, akakitia mfukoni mwa koti. Mkono wake ulipotoka, vitambaa vingine viwili vilikuwa vimening'inia kwenye vidole vyake, vyote vya kijani, na akavisukuma tena ndani.

"Nilidhani nimevitoa vyote," akasema. Ndivyo alivyosema, kama mtu anayeomba radhi kwa kuacha mfupa kwenye samaki.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa barabara. Ningeingiaje kwa boma la mama mkwe? Niliwaambia waende wachote maji tu. Jumamosi yote hatukuwa tumeangusha hata kware, na Mkubwa alikuwa ameshaita mgeni, bana. Wakatoka nao huko. Ningesema nini?"

"Ungesema ni wa mama yangu."

Akashusha sauti. "Mama watoto, mambo ya Bungoma yamebaki sahihi moja tu. Pika. Tutaongea."

Nilipika. Sitaki mtu anisaidie kwa kusema nililazimishwa, maana hakuna aliyenishika mkono. Niliwakatakata, nikawaosha, nikawakaanga kwa vitunguu na nyanya zilizobaki safarini, kwa sababu mpango wangu ulikuwa mzuri hata mboga zilibaki. Nilipofika mahali pa kuonja chumvi, nilimimina mchuzi kidogo kiganjani, nikalamba, kama mpishi yeyote. Ilikuwa imekolea. Kisha nikaona kiganja changu kinang'aa mafuta, nikamkumbuka Mkubwa na vidole vyake.

Mezani waliongea. Mzee wa kanisa aliomba, akamshukuru Mungu aliyetiisha viumbe chini ya mwanadamu. Halafu mwalimu mkuu, mfupa mdomoni, akaanza kumsimulia afisa jinsi walivyopata.

"Kanga wa huko hawaogopi watu, bwana afisa. Tumeingia kwa boma moja kutafuta maji, wakatukimbilia. Wanakuja, wanasimama mbele yako, ati kama wanangoja mahindi. Mkubwa hakulenga hata. Alipiga pa, pa, wengine wanarudi kuangalia wenzao wameanguka kwa nini."

"Na mwenye boma?" akauliza afisa.

"Hakukuwa na mtu. Jikoni kulikuwa na moshi unatoka, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Tuligonga, kimya. Tukamwekea sukari yake kwa mlango."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Moshi unatoka na mlango umefungwa: hapo nilielewa kila kitu. Mayi alikuwa ndani. Aliisikia pick-up, akajua ndilo gari lililomleta mkwe wake, akajifungia jikoni kwa heshima. Hakujua mkwe amebaki barabarani. Alikaa mle gizani, magoti yake yale, anavumilia moshi na kikohozi, huku anawasikia ndege wake wakiitikia watu na bunduki ikiwajibu. Angetoka kuwaokoa angekutana uso kwa uso na mume wangu, na kwa mama wa rika lake hiyo ilikuwa aibu isiyooshwa. Heshima yote ilikuwa ya upande mmoja.

Nilitaka kumwaga mchuzi ule kwenye mapaja yao. Nilitaka kusema. Nikamwangalia mume wangu, naye akayainamisha mabega yake juu ya sahani, anakula polepole kama mgonjwa, lakini anakula.

Kisha ukafika wakati wa firigisi. Kwetu firigisi ya ndege hupewa mwanamume mwenye heshima kuliko wote, na zamani mwanamke hakula kuku kabisa, hata yai. Mimi nilikuwa nimelipiga vita jambo hilo tangu nikiwa chuoni. Nilikula kuku mbele ya wakwe, nikawafundisha wasichana wangu wale mayai, nikasutwa na wazee, sikujali. Kila mtu mezani pale alijua hivyo. Mkubwa alizirundika firigisi zote kumi na moja kwenye sahani yake, akala kadhaa, akalamba kidole, halafu akaichukua moja kwa kidole hichohicho na kuninyooshea.

"Waziri wa chakula," akasema. "Bila mpango wake tungerudi mikono mitupu. Si haki yake hii? Leo madam anakula kama mwanaume."

Wote wakapiga makofi. Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama, na mume wangu pia, kwa macho ya mtu anayeomba maji. Nikaipokea. Nikaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu, ina mchanga kidogo ndani kwa sababu sikuiosha vizuri, na ilikuwa na umajimaji wa mate yake. Niliitafuna hadi mwisho na kuimeza.

Ningependa kuandika kwamba nilitoka nje nikatapika. Sikutapika. Ilikaa tumboni vizuri kama chakula kingine chochote, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu hata sasa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ndalu. Mvua ya kuaga mwaka ilikuwa imenyesha usiku kucha, na uani kwa Mayi manyoya ya madoadoa yalikuwa yamebandikwa matopeni. Kanga watatu walikuwa juu ya mti nyuma ya choo. Nilisikia baadaye kwamba hawakushuka tena wakiitwa, na baada ya Krismasi wakatokomea. Mayi alikuwa jikoni, anaanika shuka juu ya moto, anakohoa. Ndani ya nyumba nilisikia matone, moja kwenye sufuria, jingine kwenye karai, kila moja na sauti yake.

Nilikaa kwenye kigoda. Macho yangu yakaangukia chupa ya mafuta ya taa pembeni mwa jiko. Ilikuwa imezibwa kwa ganda jekundu la risasi, limeingia sawasawa mdomoni mwa chupa. Aliniona nikiliangalia.

"Kanga wako wapi, Mayi?" nikauliza, mimi niliyewanyonyoa.

"Mwewe," akasema.

"Wote hao?"

"Ni mwewe. Siku ile mkwe wangu alipopita nilikaa humu ndani kwa heshima yake mpaka gari likaondoka. Kumbe mwewe naye alikuwa anapita. Ukirudi, mwambie mume wako nilisikia amekuja. Mwambie nimeshukuru."

Aliyasema hayo huku anageuza shuka, sauti yake ya kawaida kabisa. Nilijaribu kufungua mdomo. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyewatuma, ni mimi niliyeandika maji na kuni, na sifuri pembeni. Akaniwahi. Akainuka kwa kujishika kiunoni, akaenda kwenye rafu, akarudi na kifurushi. Kilikuwa cha gazeti, kamba ya mkonge, mafundo mawili. Hakikuwa kimefunguliwa.

"Hii rudi nayo," akasema.

"Ni yako, Mayi. Nilikuletea wewe."

"Najua. Lakini nyumba hii inavuja, mwanangu. Itayeyuka bure."

Akaniwekea mapajani, akarudi kwenye shuka lake. Hatukusema tena habari ya ndege, siku ile wala siku nyingine. Mabati nilimwekea mimi, katikati ya miaka ya tisini, tukiwa tayari tunakaa katika nyumba ya kazi kule Bungoma, yenye dari nzuri na tangi la maji. Kufikia hapo kifua chake kilikuwa kimekwisha kuoza, na alilala chini ya mabati yale msimu mmoja tu wa mvua.

Jioni ile nilirudi Kitale na sukari yangu, nikaiweka katikati ya meza mahali ambapo lazima aione. Mume wangu aliingia, akavua koti, akaliona gazeti, akaona na mafundo yangu mawili. Nikasema moyoni, sasa ataongea. Akakiinua kifurushi, akakipima kwa mkono, akakipeleka kabatini.

"Afadhali imerudi," akasema. "Tutaipangia safari ya mwaka ujao."